Dakika ya Ukimya kwa Dakta Sengondo

Ipo nchi ambayo sitaitaja jina. Siogopi. Ni kwamba jina lake haliandikwi bila kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa maombolezo. Ni nchi nzuri. Barabara zake zimenyooka pale zilipo. Na kitu kinachoipa sifa kuliko vyote ni kwamba inawaheshimu wasomi wake kupita kiasi, ili mradi wawe wamekufa.

Hakuna aliyewakataza walio hai kusoma wala kuandika. Ila katika nchi ile mtu aliye hai akisifiwa, watu hujiuliza anataka cheo gani, na aliyemsifu hujiuliza kama amejiponza. Isitoshe, sifa za walio hai zilikuwa zimeshachukuliwa zote na Mheshimiwa Mno, Kiongozi wa nchi, kwa hiyo hazikubaki za kugawa. Lakini mtu akifa! Hapo turubai hufungwa, fulana zenye picha yake huchapwa, na jirani aliyemnyima hata chumvi husimama kwenye kipaza sauti akamsomea wasifu huku analia machozi ya kweli.

Serikali ilipoamua kuwapima wasomi, iliunda Ofisi ya Mwangwi wa Taifa. Kazi yake ilikuwa kuhesabu kila msomi ametajwa mara ngapi katika maandishi ya wenzake. Kila kutajwa kuliitwa mwangwi mmoja. Matokeo yalipotangazwa, waliofaulu wote walikuwa makaburini, isipokuwa Profesa Lukindo Mbwaji, Mkuu wa Kitivo cha Uhandisi wa Tiba. Huyu alitajwa na wanafunzi wake wote, kwa sababu asiyemtaja hakuhitimu.

Profesa Lukindo alikuwa ameandika makala zaidi ya mia tatu. Ya kwanza iliitwa "Utangulizi wa Dhana ya Kifaa cha Tiba". Iliyofuata iliitwa "Dhana ya Kifaa cha Tiba: Tulipofikia", na humo alithibitisha kwamba tulikuwa tumefikia kwenye utangulizi. Maishani mwake hakuwahi kutengeneza kifaa hata kimoja, na alijivunia hilo. Alisema kifaa huharibika, makala haiharibiki.

Katika kitivo hichohicho, chumba cha mwisho kando ya choo, alikuwamo Dakta Kibwana Sengondo. Yeye alikuwa ameandika makala moja. Ilikuwa na kurasa nne. Ilieleza namna ya kumsaidia mtoto njiti kupumua kwa kutumia pampu ndogo, mpira na chupa ya maji. Pampu inasukuma hewa puani mwa mtoto, ncha nyingine ya mpira inazama ndani ya chupa, maji yanatoa mapovu, na yale mapovu yanazuia mapafu ya mtoto yasijifunge. Chupa ikibwabwaja, mtoto anapumua. Makala ilikomea hapo, kwa kuwa mwandishi alikuwa amemaliza kusema. Wenzake waliona ni kiburi.

Mwangwi wake ulikuwa sifuri. Aliwahi kutajwa mahali, kwenye makala ya mtu aliyemshukuru kwa kumwazima koleo, lakini shukrani hazihesabiwi.

*

Kipumulio chenyewe kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa wodini. Siku za hadithi hii kilikuwa kimefungwa kwa mtoto wa Tunu, muuza chapati wa geti la hospitali. Mtoto hakuwa na jina bado. Nesi Stumai, mkuu wa wodi, alimwita Bwana Mkubwa, maana alikuwa na uzito wa pakiti ya sukari.

Asubuhi moja aliingia mkaguzi kutoka Ofisi ya Mwangwi, kavaa suti na viatu vya kelele. Dakta Sengondo alikuwa amepiga magoti akikaza mpira. Mkaguzi alikitazama kifaa kama mtu anayetazama kuku aliyeingia sebuleni.

"Hiki ni kitu gani?"

"Kipumulio, mzee."

"Cha nani?"

"Cha mtoto huyu."

"Sijauliza kinamsaidia nani. Mwandishi wake ni nani?"

"Ni mimi."

"Una mwangwi kiasi gani?"

Sengondo akakaza mpira uliokwisha kukazwa. "Kinafanya kazi, mzee. Tangu kiletwe hapa, watoto wengi wametoka na mama zao."

"Bwana, kufanya kazi ni jambo binafsi. Mimi nauliza kimetajwa wapi." Akatoa stika nyekundu, akailamba nyuma, akaibandika kwenye pampu. "Kifaa ambacho mwandishi wake hana mwangwi wa mia hakiruhusiwi kuwa juu ya mgonjwa. Mwisho wa mwezi kinaondolewa."

"Na huyu mtoto atapumua kwa nini?" akauliza Nesi Stumai.

"Kuna mashine stoo. Imetajwa mara elfu kadhaa duniani kote. Mwambieni mama yake ajivunie."

Ni kweli mashine ilikuwapo stoo. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo na ilikuwa na kila kitu isipokuwa waya wa umeme, ambao uliagizwa wakati wa serikali iliyopita.

Mkaguzi alipoondoka, Tunu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mwanawe, akauliza taratibu, "Dakta, huo mwangwi unauzwa wapi? Mimi nitauza chapati hata mchana na usiku."

"Hauuzwi, mama."

"Basi unapatikanaje?"

Katika digrii tatu za Sengondo, hilo halikufundishwa. Akainuka kwenda kwa Profesa Lukindo.

*

Alimkuta Profesa Lukindo anakunywa chai chini ya picha za wasomi mashuhuri wa kitivo. Wote walikuwa marehemu. Mmoja wao alikuwa dereva wa chuo aliyekufa siku moja na msomi halisi. Picha zilichanganyikana, na dereva alikuwa ametajwa sana hivi kwamba kumshusha kungeleta aibu.

"Profesa, naomba unitaje," akasema Sengondo. "Wewe ukinitaja, wanafunzi wako wote watanitaja. Mia itafika ndani ya siku chache."

Profesa aliweka kikombe chini. "Bwana mdogo, kaa. Unajua unaniomba nini? Nikutaje wewe, uko hai, unatembea, una mdomo! Nikutaje leo, kesho useme jambo la kipuuzi barabarani, mimi niwe mgeni wa nani?"

"Lakini wewe unatajwa na uko hai."

"Mimi natajwa kwa kuogopwa. Kuogopwa kuna kazi yake na muda wake. Wewe nani anakuogopa?"

Sengondo akakiri kwamba hata paka wa ofisini alikuwa akilala kwenye kiti chake.

"Unaona? Sasa nisikilize." Profesa akasogea karibu, sauti ikawa ya ndugu. "Kufa."

"Unasemaje, Profesa?"

"Kufa kitaaluma, usiogope. Kuna Kifo cha Heshima, kipo kwenye sheria. Kamati inakaa, inakuridhia, unatangazwa, tunakulilia, mambo yanaenda. Mwili unaendelea kula kwako. Nimeshawaombea wengi, nao wamegoma. Wasomi wetu wanapenda sana kuishi, ndiyo maana hatuendelei."

"Na kifaa kitabaki wodini?"

"Kifaa cha marehemu! Nani atathubutu kukigusa?"

*

"Yaani mimi nikae eda," akasema mkewe, Mwajabu, mwiko mkononi, "na mume mwenyewe yuko jikoni anasonga ugali?"

"Mama Hidaya, ni kwa ajili ya mtoto wa watu."

"Naelewa ya mtoto. Nauliza ya kwangu. Nimeolewa na wewe miaka yote hii, hujawahi kuninunulia hata kanga ya sikukuu, leo unaniletea ujane!"

"Utapewa kiti cha mbele."

Mwajabu akafikiri. "Chenye mto?"

"Nadhani chenye mto."

"Baba Hidaya, wewe ni mjinga," akasema mkewe, akigeukia sufuria. "Haya, kufa. Lakini sitaki kukuona unapita mbele ya wageni na hiyo bukta."

Ilivyokuwa, kitivo kilichoshindwa miaka yote kuunda kamati ya kununua taa za maabara kiliunda kamati ya mazishi kabla chai haijapoa. Turubai likafungwa, masufuria yakaletwa, fulana zikachapwa. Kwa kuwa jeneza tupu lingekuwa jepesi, Profesa Lukindo alitoa makala zake mia tatu zikawekwa ndani, na hiyo ikawa mara ya kwanza kazi zake kubebwa na watu wengi kwa hiari.

Sengondo alikaa nyuma ya pazia la jikoni, amevaa bukta, anasikiliza wasifu wake. Alijifunza mengi. Alisikia kwamba alikuwa mcheshi. Alisikia kwamba tangu utotoni alikuwa akitazama mapovu ya sabuni na kulia. Makala yake moja ilipofika kwa msemaji wa pili ilikuwa saba, na kwa msemaji wa tano ilikuwa hazina isiyohesabika. Kisha akapanda Profesa Lukindo, leso mkononi.

"Nilipoandika na marehemu makala yetu ile," akasema, "aliniambia, 'Profesa, bila wewe mimi nisingepumua.'" Akashindwa kuendelea. Umati ukapiga makofi, kisha ukakumbuka ni msiba, ukalia.

Nyuma ya pazia Sengondo alijikuta naye analia. Hakujua analia nini. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanamsema vizuri, na hakuweza hata kutoka kuwaambia asanteni.

*

Mwangwi ulikuja kama mafuriko. Kila mwenye makala alimwingiza marehemu ndani, hata aliyekuwa akiandika kuhusu minyoo ya mbuzi. Hakuna aliyesoma zile kurasa nne, kwa sababu kumsoma marehemu ni kumchunguza, na kumchunguza marehemu ni utovu wa adabu. Mia ilipita siku ya kwanza. Mkaguzi akaja wodini, akabandua stika nyekundu, akabandika ya kijani, akavua kofia mbele ya pampu.

Sengondo alikuja siku iliyofuata akiwa na koti la mfagizi.

"Karibu, marehemu," akasema Nesi Stumai. "Bwana Mkubwa kaongezeka. Jana kapiga chafya."

Sengondo alisikiliza chupa. Bwabwabwa, bwabwabwa. Tunu alimletea chapati mbili kwenye gazeti na akasema, "Kula, Dakta. Nasikia kwa wenzako huko hakuna chakula." Wakacheka wote watatu, wakazibana midomo wasimwamshe mtoto. Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri, na serikali ingeruhusu isomwe mashuleni.

Lakini kwenye gazeti lililofunga chapati kulikuwa na tangazo. Sengondo alilisoma akiwa na tonge mdomoni. Wizara ya Heshima na Maombolezo ilikuwa inawatangazia wananchi kwamba Ijumaa adhuhuri taifa zima lingekaa dakika ya ukimya kwa ajili ya Dakta Kibwana Sengondo, baba wa upumuaji. Ukimya uliopita uliharibiwa na mashine ya kusaga mahindi. Kwa sababu hiyo, safari hii umeme ungezimwa nchi nzima, na jenereta zote, bila kubagua.

Akaondoka na gazeti, chapati akaiacha.

*

Alikwenda kwa Mganga Mkuu wa hospitali. Mganga Mkuu alikuwa ameshapata kadi ya mwaliko ya kukaa jukwaani, na alisema si ustaarabu mtu mwenye kadi kuanza kuulizauliza mambo ya umeme. Kuhusu betri ya kuendeshea pampu, alikumbusha kwamba ombi la betri lilipokelewa zamani na kusifiwa kwa mwandiko wake.

Akaenda Wizarani. Karani wa mapokezi alikuwa amevaa fulana yenye picha ya Sengondo kifuani.

"Shida yako?"

"Naomba Ijumaa hospitali isizimiwe umeme. Kuna mtoto anapumua kwa mashine."

"Mashine ya nani?"

"Ya Dakta Sengondo."

"Mungu amrehemu. Sasa wewe unataka kuvuruga ukimya wa Dakta Sengondo kwa sababu ya mashine ya Dakta Sengondo?"

"Ndugu yangu, Sengondo ni mimi. Angalia hiyo picha."

Karani akainamisha kichwa akatazama kifuani pake, akamtazama yeye, akatazama tena kifuani. "Ni wewe kabisa," akasema. "Pole sana. Ulikuwa mtu wa watu."

"Basi pokea ombi langu."

"Marehemu haombi. Marehemu anaombewa. Lete mjane."

Mwajabu alikuwa tayari kwenda, tena kwa miguu. Ila Wizara hiyohiyo ilikuwa imemwekea walinzi wawili mlangoni ili asivunje eda. Alipopiga kelele dirishani, walinzi waliandika kwamba mjane ana uchungu mwingi.

Mwisho akarudi kwa Profesa. "Wewe ni mwandishi mwenza," akasema. "Umesema mwenyewe mbele ya watu. Sema neno moja tu."

Profesa alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Kibwana, nchi nzima inanyamaza kwa ajili yako. Hata Mheshimiwa Mno atanyamaza, na yeye hajawahi. Unajua mimi ningetoa nini kupata hiyo dakika? Halafu wewe unalalamika! Mtoto mmoja, dakika moja. Atajibana."

*

Ijumaa adhuhuri tarumbeta lililia uwanjani. Feni ya wodi ikapunguza mwendo, ikasimama. Pampu ikakohoa. Chupa ikanyamaza.

Sengondo alikuwa amejiandaa kadiri mtu anavyoweza kujiandaa kwa jambo la aibu. Alichomoa mpira kwenye pampu, akautia mdomoni mwake, akapuliza. Si kwa nguvu, maana mapafu yale yalikuwa madogo kama maganda ya karanga. Alipuliza polepole, akivuta hewa kwa pua na kuitoa kwa mdomo, kama mpiga zumari. Maji yakatulia, yakatulia, kisha yakaanza. Bwabwabwa.

Nje hakukuwa na sauti yoyote. Hata jogoo walikuwa wamefunikwa matenga. Katika taifa zima kelele ilikuwa moja tu, ile ya chupa.

Askari wa ukimya, aliyewekwa kwenye korido, akaingia kwa kunyata.

"Nani anabwabwaja?" akanong'ona.

"Marehemu," akanong'ona Nesi Stumai.

"Marehemu yupi?"

"Huyu huyu tunayemnyamazia."

Askari akafikiri. "Basi mwambie akome. Anajivunjia heshima."

Sengondo hakuweza kujibu. Kujibu kulihitaji hewa, na hewa ilikuwa ya mtoto. Alimtazama askari kwa macho yaliyoanza kuingia ukungu na kuendelea kupuliza.

Dakika ikaisha. Tarumbeta likalia, Tunu akapumua. Umeme haukurudi. Ile ilikuwa dakika ya Waziri. Naibu Waziri hakuweza kuonekana ameomboleza kidogo, kwa hiyo akaomba ya kwake, ingawa kwa adabu aliifanya fupi kuliko ya bosi wake. Baada yake Mganga Mkuu, kwa niaba ya wagonjwa. Kisha Profesa Lukindo akasimama kama mwandishi mwenza, akainamisha kichwa, na hakukiinua upesi.

Sengondo alianguka katikati ya ukimya wa Profesa. Hakuanguka vibaya; aliteleza ukutani akakaa. Kabla mpira haujagusa sakafu Nesi Stumai alishaudaka. Alipoishiwa yeye, Tunu aliuchukua, machozi yanamtiririka mashavuni yaliyojaa upepo. Askari alisimama akatazama yote hayo, mikono nyuma. Mwishowe alitoka kwenda kutoa taarifa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyopewa.

Umeme uliporudi Bwana Mkubwa alikuwa wa bluu midomoni, lakini alikuwepo.

*

Mkaguzi alikuja kabla ya jioni, na wabebaji wawili. Akavaa kofia mbele ya pampu, akabandua stika ya kijani.

"Imethibitika kwamba marehemu amevunja ukimya wake mwenyewe," akasema. "Mwangwi wote umefutwa."

Sengondo alikuwa bado amekaa sakafuni. "Basi nirudishwe kuwa hai."

"Kwa msingi gani?"

"Kama sina mwangwi, nilikufa kwa ajili gani?"

"Hilo waulize waliokuzika. Sisi tunashughulika na mwangwi, uhai si idara yetu. Wewe ni marehemu wa kawaida."

Pampu ikachomolewa ukutani. Tunu alishika waya wake kwa mikono miwili, wakamfungua vidole kimoja kimoja, kwa upole, wakimwita mama. Haikutupwa, nchi ile haitupi vitu. Ilipelekwa kwa Profesa Lukindo, ambaye alikuwa ametoa makala mpya iitwayo "Upumuaji: Utangulizi wa Dhana", na ambaye mwangwi wake hauna mfano. Ipo mpaka leo kwenye ukumbi wa kitivo, ndani ya kabati la kioo, na chupa mpya yenye maua. Imeunganishwa na umeme usiokatika. Inabwabwaja mchana kutwa kwa ajili ya wageni.

Ile mashine kubwa ililetwa kutoka stoo ikasimamishwa kando ya kitanda. Iliziba dirisha.

Mpira wa zamani na chupa ya zamani viliachwa, kwa kuwa havikuwa na stika. Nesi Stumai alikuwa ameshaweka ncha ya mpira mdomoni. Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akampa Tunu, na Tunu naye akapuliza, jicho moja kwenye chupa, jingine kwa mwanawe. Mtoto alihitaji majuma. Wao walikuwa watatu, na mmoja hakuwepo kisheria. Dakta Sengondo alikuwa msomi. Alijua hesabu hiyo haitoki.

Tunu akamgusa begani. Alikuwa akihema, akimnyooshea mpira.

"Zamu yako, marehemu."